Orodha ya Malodi wa Uingereza: inakuonyesha mwenye cheo, haikuonyeshi cheo kitakufa vipi

Anayetaka kuhakikisha kama mtu fulani ni lodi kweli, yaani mwenye cheo cha kikabaila cha Uingereza, ana mahali pamoja pa kuanzia: Orodha ya Malodi, daftari rasmi lililoanzishwa kwa amri ya kifalme ya tarehe 1 Juni 2004. Msimamizi wake ni Lodi Chansela, na kazi yenyewe hufanywa na Ofisi ya Taji iliyo ndani ya Wizara ya Sheria jijini London. Nakala inasomwa bure kwenye tovuti ya College of Arms, taasisi ya nembo na nasaba iliyoanzishwa mwaka 1484. Ukiuliza nani ana cheo leo, daftari linakujibu kwa uhakika ambao hakuna tovuti ya mtu binafsi inayoufikia. Ukiuliza cheo kitakwenda kwa nani mwenyewe akifa, au kwa nini vingine vimekufa, linanyamaza. Na hilo la pili ndilo watu wengi hulijia.

Daftari lilizaliwa kutokana na pengo. Kabla ya 1999, mtoto aliyerithi cheo aliomba barua ya wito wa kuingia Bunge la Malodi, na karatasi zake zilikaguliwa huko huko. Sheria ya 1999 iliwaondoa bungeni karibu malodi wote wa kurithi, wakabaki 92. Barua za wito zilipokoma, ukaguzi nao ukakoma. Amri ya 2004 ikaleta kanuni moja kali: mrithi asiyethibitisha urithi wake na kuandikwa daftarini hatatajwa kwa cheo hicho katika hati rasmi yoyote, ya kiraia wala ya kijeshi.

Hata hivyo daftari halimpi mtu cheo. Cheo humshukia mrithi papo hapo mwenye nacho anapokata roho, hata kama mrithi yuko ng'ambo na hana habari ya msiba. Kuandikwa ni kutambuliwa tu. Kwa hiyo ukikosa jina, usiandike kwamba cheo kimekufa. Huenda mrithi yupo na hajaleta karatasi. Huenda cheo kimekanwa kwa sheria ya 1963, inayompa mrithi miezi 12 ya kukikataa, au mwezi 1 tu kama ni mbunge. Mwanasiasa Tony Benn alikikataa cha Vikaunti Stansgate mwaka huo huo ili abaki Bunge la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa. Kukikataa hakukukiua: alipofariki 2014, mwanawe alikichukua kama kawaida. Au huenda cheo kimesimamishwa, kama vile vya Duki wa Cumberland na Duki wa Albany, waliokuwa upande wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Walivuliwa mwaka 1919 chini ya sheria ya 1917, lakini sheria hiyo hiyo inawaachia wazao wao mlango wa kuomba virudishwe.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Oktoba 2025, Mfalme Charles III alipoagiza uduki wa York wa mdogo wake Andrew uondolewe daftarini. Kuondolewa huko hakukuufuta uduki wenyewe, kwa kuwa kufuta cheo kilichokwisha kutolewa kunahitaji sheria ya Bunge. Uliundwa 1986 kwa ajili ya wazao wake wa kiume, naye ana mabinti wawili, hivyo usipofutwa kabla ya hapo utakufa pamoja naye. Kuondolewa daftarini na kufa kwa cheo ni mambo mawili, na mwandishi wa habari anayeyachanganya anampotosha msomaji.

Namna ya kulisoma

Daraja za vyeo ni tano, kutoka juu kwenda chini: duki, markisi, erli, vikaunti na baroni. Tafuta kwa jina la cheo, si la ukoo, maana mara nyingi hayafanani. Ukoo wa Baroni Delamere, uliolowea Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, ni Cholmondeley. Anayetafuta "Delamere" kama jina la ukoo kwenye kumbukumbu za vizazi na ndoa atatoka mikono mitupu. Daftari lina pia malodi wa maisha, wanaoteuliwa chini ya sheria ya 1958. Vyeo vyao havirithiwi, kwa hiyo waweke kando kabla ya kuhesabu chochote. Mabaroneti, yaani wale wanaoitwa Sir kwa kurithi, hawamo kwa sababu si malodi. Wana daftari lao lililoamriwa mwaka 1910.

Usimtafute humo mtoto mkubwa wa duki. Mwana wa kwanza wa Duki wa Marlborough huitwa Markisi wa Blandford, lakini hiyo ni heshima ya kuazimwa kutoka kwa baba. Cheo kingali cha baba mpaka afe.

Matumizi ambayo ningeyasisitiza kwa kila mtu mwenye simu ni kuwapima wauzaji. Kuna matangazo mengi mtandaoni yanayouza "ulodi" kwa malipo ya kadi, pamoja na cheti chenye muhuri wa nta na kipande cha ardhi kisichotosha kuweka kiti. Cheo cha lodi hakiuzwi wala hakihamishwi kwa mkataba, na sheria ya mwaka 1925 inamhukumu anayeuza heshima za taifa na anayezinunua. Kitu pekee kinachofanana nacho na kinachouzwa kihalali ni ulodi wa manori. Hiyo ni mali ya zamani iliyotokana na umiliki wa mashamba ya kimwinyi, na haimfanyi mnunuzi kuwa lodi. Tangu tarehe 13 Oktoba 2003 hata kuusajili kwa mara ya kwanza katika masijala ya ardhi ya England na Wales hakuwezekani. Muulize muuzaji jambo moja: jina la mnunuzi litaingia kwenye Orodha ya Malodi? Jibu la kweli ni hapana, na anayejibu vinginevyo anakudanganya.

Kinachokosekana: kifungu cha urithi

Hapa ndipo daftari linapoishiwa, na ndipo kazi nzito inapoanza. Kila cheo kilichotolewa kwa hati ya kifalme kina kifungu kinachosema kitapita kwa nani. Maneno ya kawaida ni "wazao wa kiume wa mwili wake": wana wa ndoa, wana wa wana hao, na kuendelea kuumeni tu. Binti hahesabiwi, wala mtoto wa kiume wa binti. Kifungu hiki ndicho kinachoua vyeo vingi. Ukoo unaweza kuwa na watu tele walio hai na cheo kikafa mbele ya macho yao, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeshuka kuumeni mtupu kutoka kwa mtu wa kwanza kuandikiwa hati.

Portland ni somo bora kuliko yote ninayoyajua. Hans Willem Bentinck, Mholanzi aliyekuja na Mfalme William III, alifanywa Erli wa Portland mwaka 1689. Mwanawe Henry, wa mke wa kwanza, akapandishwa kuwa Duki wa Portland mwaka 1716. Kwa hiyo hati zikawa mbili na wahusika wa kwanza wakawa wawili: uerli unapita kwa wazao wa kiume wa Hans Willem, uduki unapita kwa wazao wa kiume wa Henry. Kwa karne mbili na zaidi tofauti hiyo haikuonekana, kwa sababu mtu mmoja alivishika vyote viwili. Duki wa 9 alipofariki mwaka 1990, ukoo wa kuumeni wa Henry ulikwisha. Uduki ukafa, na umarkisi wa Titchfield uliotolewa pamoja nao ukafa siku hiyo hiyo. Lakini Hans Willem alikuwa na mwana mwingine, Willem, wa mke wa pili. Wazao wa huyo walikuwepo, nao wakauchukua uerli wa 1689 pamoja na vyeo vidogo vya hati ile ya kwanza. Tazama namba pia. Duki wa 9 alikuwa Erli wa 10, kwa kuwa duki wa kwanza ndiye aliyekuwa erli wa pili. Aliyemfuata akawa Erli wa 11. Namba zikikugongana, karibu kila mara ni dalili kwamba vyeo viwili vya jina moja vina miaka tofauti ya kuundwa.

Jambo hilo hilo lilitokea kwa Newcastle. Duki wa 9 na wa 10 walifariki katika miezi miwili ya mwisho ya 1988, Novemba na Desemba, na uduki wa 1756 ukaishia hapo. Uerli wa Lincoln, ulioundwa 1572, ukavuka bahari hadi kwa jamaa wa mbali aliyekuwa akiishi Western Australia.

Kutokana na hayo, utaratibu wa kufuata ni huu. Vitenganishe vyeo vyote vya mtu mmoja, kila kimoja na mwaka wake. Soma kifungu cha kila hati. Kisha hesabu wazao kuanzia kwa aliyeandikiwa hati, si kuanzia kwa marehemu wa mwisho. Kosa kubwa kuliko yote ni hilo la mwisho: mtu anaona marehemu hakuacha mtoto, anaandika kwamba cheo kimekufa, kumbe babu wa babu yake alikuwa na mdogo wake.

Hati zenyewe ziko wapi? Za zamani zimenakiliwa kwenye mabunda ya hati za kifalme yaliyoko Nyaraka za Taifa, Kew, chini ya alama C 66, na za kabla ya 1733 kwa kawaida ni za Kilatini. Za karne za baadaye hutangazwa kwenye London Gazette, ambalo kumbukumbu zake zinatafutwa mtandaoni bila malipo. Usitegemee muhtasari wa mtu mwingine pale panapobishaniwa neno moja, kwa sababu neno moja linatosha kufufua cheo. Edward Courtenay alifanywa Erli wa Devon mwaka 1553, akafa Padua mwaka 1556 bila mke wala mtoto. Kila mtu aliamini cheo kimekwisha. Lakini hati yake ilisema "warithi wa kiume" bila kuongeza "wa mwili wake". Mwaka 1831 Bunge la Malodi liliamua kwamba maneno hayo yanawafikia hata jamaa wa kiume wa pembeni, na ukoo wa Courtenay wa Powderham ukarudishiwa cheo kilicholala miaka 275.

Vifungu maalumu navyo vipo. John Churchill, Duki wa Marlborough, hakuwa na mwana aliye hai, na sheria ya Bunge ya mwaka 1706 iliruhusu uduki wake upite kwa mabinti. Alipofariki 1722, binti yake Henrietta akawa duki kwa haki yake mwenyewe. Naye alipofariki 1733 ukaenda kwa Charles Spencer, mtoto wa dada yake. Bila sheria ile, uduki huo ungekufa na mwenyewe. Kwa upande mwingine, uerli wa Oxford wa ukoo wa de Vere, ulioanza enzi za Matilda, binti wa Mfalme Henry I, katika karne ya 12, haukupata mwokozi: Aubrey de Vere, erli wa 20, alifariki mwaka 1703 bila mwana wa kumrithi, na hakuna aliyethibitisha urithi baada yake.

Msomaji wa Kenya ana mfano wa nyumbani. Josslyn Hay, Erli wa Erroll, aliuawa kwa risasi karibu na Nairobi tarehe 24 Januari 1941. Mengi yameandikwa juu ya nani alimuua, na machache juu ya kilichotokea kwa vyeo vyake, ambavyo vilitengana usiku huo huo. Uerli wa Erroll ni cheo cha Scotland cha karne ya 15, na urithi wake unaruhusu binti, hivyo ukaenda kwa mtoto wake wa pekee, Diana. Ubaroni wa Kilmarnock ulitolewa mwaka 1831 kwa wazao wa kiume, hivyo ukamruka Diana na kwenda kwa mdogo wa marehemu, Gilbert, ambaye baadaye alichukua jina la ukoo la Boyd. Anayesoma daftari leo atakuta Erroll na Kilmarnock mahali tofauti, chini ya watu tofauti, na hakuna mstari wowote unaomwambia kwamba hadi 1941 walikuwa mtu mmoja.

Kuna pia vyeo vinavyoning'inia. Ubaroni wa England wa kale haukuundwa kwa hati bali kwa barua ya wito wa kwenda Bungeni, na huo hupita hata kwa binti kama hana kaka. Tatizo huja mabinti wakiwa wawili au zaidi. Sheria ya England haimtambui kifungua mimba miongoni mwao, wote wana fungu sawa, na cheo hakigawanyiki. Basi kinaning'inia mpaka abaki mmoja, au Taji, yaani mfalme au malkia, limchague mmoja wa warithi. Ubaroni wa Grey wa Codnor ulining'inia kuanzia 1496 hadi 1989. Ombi jipya la namna hiyo leo halina matumaini, kwa sababu ya kanuni zilizofuata kamati iliyochunguza vyeo hivyo mwaka 1926: cheo kisiwe kimening'inia zaidi ya miaka 100, na mwombaji awe na angalau theluthi moja ya haki. Piga hesabu kabla ya kumlipa mtafiti. Mabinti watatu, kila mmoja ana theluthi na anafaa. Mmoja wao akifariki na kuacha mabinti wawili, kila mjukuu ana moja ya sita, na hafai.

Kuandikwa: karatasi, na zinapokwamia

Mrithi huwasilisha ombi kwa Lodi Chansela kupitia Ofisi ya Taji, pamoja na tamko la kiapo chini ya sheria ya 1835, kwa kawaida la mtu anayeijua familia kwa muda mrefu. Mtoto anayemrithi baba anahitaji cheti cha kifo cha baba, cheti cha ndoa ya wazazi, na cheti chake cha kuzaliwa. Kiwe kile kirefu. Cheti kifupi cha England hakitaji wazazi, kwa hiyo hakithibitishi nasaba. Ndoa ya wazazi ikiwa si ya kwanza kwa mmoja wao, onyesha jinsi ile ya awali ilivyokwisha, kwa kifo au kwa talaka.

Ugumu uko kwenye kufunga matawi. Mtu anayerithi kutoka kwa binamu lazima aonyeshe kwamba kila mwanamume aliyemtangulia katika mstari amekufa, na hakuacha mwana wa ndoa. Kuthibitisha kwamba mtu hakuzaa ni kazi ngumu kuliko kuthibitisha kwamba alizaa, hasa kama ni ami aliyehamia Canada mwaka 1890 na barua zikakoma. Usajili wa kiserikali ulianza tarehe 1 Julai 1837 England na Wales, 1855 Scotland, na 1864 Ireland kwa kumbukumbu zote. Kabla ya hapo utategemea vitabu vya parokia, vilivyoamriwa mwaka 1538 lakini vingi vina kurasa zilizopotea. Kwa Ireland hali ni mbaya zaidi, kwani moto wa Four Courts jijini Dublin mwaka 1922 uliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka.

Uzawa wa ndoa ndio mwamba mwingine. Sheria ya 1926 ilimhalalisha mtoto ambaye wazazi wake walioana baada ya yeye kuzaliwa, lakini haikumpa haki ya cheo cha England. Kwa vyeo vya Scotland kanuni ni pana zaidi. Mtoto wa kuasili harithi cheo, ingawa tangu 2004 anaruhusiwa kuitwa kwa heshima zile za kuazimwa.

Pakitokea ubishi, ofisi haiamui peke yake. Katika shauri la Ampthill la mwaka 1976, kamati ya Bunge la Malodi ilikataa kufungua upya uzawa wa mrithi uliokwisha kutamkwa na mahakama miaka 50 nyuma. Hukumu ikiwepo, ilisema, imefunga mjadala. Lakini pasipokuwa na hukumu, vinasaba vinaingia. Mwaka 2016 Kamati ya Sheria ya Baraza la Faragha ilishughulikia ubaroneti wa Pringle wa Stichill, ulioundwa 1683, na kukubali ushahidi wa vinasaba ulioonyesha kwamba mrithi wa 1919 hakuwa mtoto wa damu wa baroneti aliyemtangulia. Cheo kikahamia tawi jingine, baada ya zaidi ya miaka 90 kwenye tawi lisilo lake. Majaji walieleza kwamba kuweka ukomo wa muda wa kupinga urithi wa namna hiyo ni kazi ya Bunge. Kwa hiyo unaponukuu daftari lolote, la malodi au la mabaroneti, andika na tarehe ya toleo ulilolisoma, kwa sababu mstari uliomo leo unaweza kubadilishwa na kifo, na pia na kipimo cha maabara.